Unga Mmoja kwa Zamu: Shajara ya Mradi, Lamu

Kaskazi inaanza. Sharti la mradi

Kazi ya mradi ni kupata mikate ya kila siku kwa mtu aliyeshauriwa na daktari au mtaalamu wa lishe aondoe ngano, maziwa na mayai kwa muda, kisha avirudishe kimoja kimoja mpaka kijulikane kinachomdhuru. Kipindi cha kuondoa huchukua wiki mbili hadi sita. Kuondoa ngano kwenyewe si taabu: mofa ya mtama, vibibi na mkate wa kumimina ni vyakula vya hapa hapa, na havihitaji ngano. Taabu ni unga wa paketi unaoletwa kama mbadala. Soma mgongo wa paketi: unga wa mchele, wanga wa viazi, wanga wa mahindi, wanga wa muhogo, gamu ya zanthani, pengine na unga wa njegere au soya. Unatoa mkate laini, hatukatai. Lakini mlaji akiamka tumbo limejaa au mwili unamwasha, katika hao sita ashikwe nani?

Ndiyo maana sharti letu ni moja: mkate mmoja, unga mmoja. Ulaini unaopotea kwa kutochanganya tunautafuta kwa kulowesha, kwa maji ya moto na kwa kuumua kwa kiasi. Nazi tumeihesabu ndani ya mlo wa msingi tangu mwanzo, kwa hiyo tui si kitu kipya kila linapotokea. Hamira, chumvi, sukari na iliki ni hivyo hivyo. Mtu ambaye nazi au hamira imo katika orodha yake ya kuondoa hawezi kuzifuata hesabu hizi kama zilivyo.

Mambo mawili yatangulie jiko. La kwanza, kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (utumbo kudhuriwa na gluteni, protini ya ngano) kifanywe mtu akiwa bado anakula ngano. Akishaiacha, kinga zinazotafutwa kwenye damu hupungua, na kipimo kinaweza kusema hana kumbe anao. Mwongozo wa Uingereza unataka awe amekula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kwa siku kwa muda usiopungua wiki sita kabla ya kupimwa. La pili, aliyewahi kuvimba midomo au koo, au kubanwa pumzi baada ya kula kitu, asikirudishe kitu hicho nyumbani hata chembe. Hilo ni la hospitali. Na mtoto anayekua asiondolewe vyakula vitatu kwa mpigo bila mtu wa kufuatilia uzito wake.

Mashine ya kusagia

Kazi nyingi ya aina hii huharibikia hapa, wala si kwenye mapishi. Mashine ya mtaani husaga kinacholetwa: mahindi, ngano, bizari, mtama. Unga wa aliyetangulia hubaki kwenye kinywa cha kulishia, nyuma ya chujio na zaidi kwenye mfuko wa kitambaa unaopokea unga, ambao haufuliwi.

Hesabu yake ni hii. Kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya chakula) kwa chakula kinachoitwa hakina gluteni ni miligramu 20 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano, gramu 3 hivi, kina gluteni inayokaribia miligramu 300. Kijiko hicho kikiingia katika kilo 10 za mchele, kila kilo imebeba miligramu 30. Kiwango kimeshapitwa, na kwa macho unga ni mweupe pe.

Utaratibu tunaoufuata: kufika asubuhi mashine haijawashwa, kumwomba fundi afungue na kupiga brashi chujio na nyundo za kusagia, kufunga mfuko wetu wenyewe wa kupokelea, kupitisha kwanza kilo mbili za mchele wa bei ya chini, ambao unakwenda kwa kuku, ndipo nafaka ya mradi ipite. Fundi anayekataa kufungua mashine, tunaondoka. Kwa kiasi kidogo, chini ya kilo, mashine ya viungo ya nyumbani inatosha, mradi iwe haijawahi kusaga ngano wala bizari ya kununua. Bizari iliyosagwa tayari huweza kuongezwa unga ili kuizidisha uzito, na hingi ya dukani mara nyingi imechanganywa na unga wa ngano. Viungo vinunuliwe vizima.

Vyombo vya mbao vyenye nyufa (kibao cha chapati, mti wa kusukumia, mwiko mkongwe) havioshwi vikatakata. Vimetengwa vipya, vimefungwa uzi mwekundu kwenye mpini. Chekeche vivyo hivyo. Bekingi poda isomwe karatasi yake, kwa kuwa nyingine zina wanga wa ngano ndani. Na mafuta yaliyokaangiwa mahamri hayakaangiwi kitu cha mradi hata yakichujwa kwa kitambaa.

Mchele

Hali: umekubalika, ndio unga wa msingi.

Tumeanza na mchele kwa sababu ni nafaka inayowasumbua watu wachache, na kwa sababu kumimina na vitumbua vinahitaji mchele uliolowa, si unga mkavu, hivyo mashine ya mtaani haihusiki kabisa.

Kumimina ya sufuria ya sentimita 22: mchele gramu 500 ulowekwe saa sita hadi nane, uchujwe hadi maji yaache kudondoka. Tui mililita 400, sukari gramu 150, hamira gramu 5, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, chumvi kidogo. Saga kwa awamu mpaka rojo likisuguliwa kati ya vidole viwili lisiwe na mchanga. Hapa usikubali kudanganywa na jicho. Kidole ndicho kinachojua. Chembe zikibaki kubwa hushuka chini wakati wa kuumuka, na mkate unatoka na tabaka la mpira chini na sifongo juu. Wengi hulaumu hamira kwa kosa hilo.

Katika joto la Lamu rojo huumuka kwa dakika 45 hadi saa moja. Likipanda na kuanza kutoboka juu, limewiva. Ukisubiri zaidi linaanguka na kuchacha. Mimina polepole kwenye sufuria iliyopata moto na kupakwa mafuta, bila kukoroga tena. Dakika 40 kwa tanuri la nyuzi 180, au makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Wapo wanaotia ute wa yai uliopigwa. Tumeuacha na kimo kimepungua kidogo tu, kwani kinachobeba mkate huu ni wanga wa mchele unaoshikana ukiiva.

Kasimile (tui la kwanza, zito) peke yake haifai kwa kumimina. Mafuta yakizidi, viputo vya hamira vinapasuka na mkate unalala. Changanya kasimile na tui la pili, nusu kwa nusu.

Chapati ya mchele ni habari nyingine, na inataka unga mkavu wa laini. Chemsha maji mililita 350 pamoja na chumvi gramu 4 na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi. Yakitokota, teremsha moto, mwaga unga gramu 250 wote kwa mara moja, koroga kwa mwiko, funika dakika kumi. Kanda ukiwa bado moto kiasi mkono unaweza kuvumilia. Maji ya moto huuvimbisha wanga ukanasana, kazi ambayo kwenye ngano hufanywa na gluteni. Maji ya baridi hayatakupa chochote ila vumbi lililolowa. Mililita 50 za maji ya moto ziwe pembeni, maana mchele wa zamani hunywa zaidi. Gawa vinyunya vinane, sukuma kati ya karatasi mbili za plastiki, choma kwenye chuma kikavu chenye moto mkali, sekunde 40 kila upande. Kingo zikipasuka wakati wa kusukuma, maji ni machache au donge limepoa. Chapati zikiiva zirundikwe ndani ya kitambaa mara moja. Zikipigwa na upepo kwa dakika tano zinakuwa magamba.

Muhogo

Hali: umekubalika kwa masharti.

Unga wa muhogo ndio unaokaribia ngano kwa mkono: unasukumika, unakunjika, hauna ladha ya kushindana na mchuzi. Ndiyo maana watu huukimbilia wakaula asubuhi, mchana na usiku. Hatari yake iko hapo. Muhogo una protini kati ya asilimia 1 na 2 tu, wakati mtama unafika karibu 10 na dengu hupita 20. Mtu aliyeondoa mayai, maziwa na pengine samaki, akajaza nafasi kwa muhogo, amejikata protini bila kujua. Juu ya hilo kuna sumu ya sianidi. Muhogo mchungu usiosindikwa vizuri, ukiliwa kwa wingi na watu wenye upungufu wa protini, ndio unaosababisha konzo, kupooza kwa miguu kusikopona. Kwa kiasi cha mlo mmoja kwa siku, muhogo mtamu na kitoweo cha kutosha, hatuna wasiwasi nao.

Codex inataka unga wa muhogo usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo. Hatuna maabara, kwa hiyo tunabana njia: muhogo mtamu pekee, kutoka kwa mkulima anayeijua mbegu yake, kumenya hadi ganda la ndani la waridi liishe, kupara au kukata vipande vya milimita 5, kuloweka usiku kucha na kumwaga maji, kuanika juu ya kitambaa safi kilichoinuliwa kutoka ardhini. Mwezi wa Januari na Februari jua na upepo wa kaskazi vinakausha kwa siku mbili. Kipande kikavu kikikunjwa huvunjika kwa mlio na ni cheupe hadi kitovuni. Kikipinda kwanza, bado. Doa la kijani au jeusi halikwanguliwi, kipande chote kinatupwa.

Ukilazimika kutumia unga wa kununua usioujua asili yake, ipo mbinu ya kulowesha iliyotokana na kazi ya Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia: unga unachanganywa na maji, unatandazwa kwenye sinia kwa unene usiofika sentimita moja, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi ipae, kisha unapikwa siku hiyo hiyo. Ni rahisi, na haina gharama.

Chapati sita: unga gramu 250. Toa gramu 60, pika na maji mililita 200 kwa moto mdogo huku ukikoroga mpaka uwe uji mzito unaong'aa. Acha upoe hadi vuguvugu. Tia gramu 190 zilizobaki, chumvi gramu 4, mafuta mililita 40, ukande dakika tatu. Pumzisha robo saa. Sababu ya kupika robo tu ni kwamba ukiunguza unga wote kwa maji yanayochemka unapata gundi inayovutika kama bazoka, haisukumiki na haiivi ndani. Ukiacha kupika kabisa, chapati inakatika mkononi ukichovya mchuzi.

Mtama na mawele

Mofa ndiyo iliyotufurahisha zaidi katika mradi wote. Mtama mweupe ndio tunaoutumia. Baadhi ya aina za kahawia na nyekundu zina tanini inayokausha ulimi, na kwenye mkate wa unga mmoja hakuna cha kuificha.

Unga gramu 400: gramu 100 zipikwe na maji mililita 300 kuwa uji mzito, upoe hadi kidole kikae bila kuungua. Tia gramu 300, hamira gramu 5, sukari gramu 10, chumvi gramu 7, na maji mililita 40 hadi 60 kwa kukadiria. Donge liwe laini lakini lisitiririke likiwekwa kiganjani. Liumuke saa moja. Vipande vya gramu 120, unene wa sentimita moja, uso ulainishwe kwa mkono wenye maji, vibandikwe ukutani mwa tanuri, nalo huitwa mofa. Nyunyizia ukuta maji kwanza: yakilia na kukauka papo hapo, moto umefika. Mkate ukidondoka majivuni, ama ukuta umepoa, ama una masizi, ama donge limekauka nyuma. Asiye na mofa atumie chungu au sufuria nzito yenye kifuniko, moto wa wastani, dakika nne upande wa kwanza na tatu wa pili.

Mofa ya mtama inaliwa siku ile ile. Kesho yake ni ya kuvunjia kwenye mchuzi.

Mawele yanafanya kazi kwa hesabu hiyo hiyo, ila yana mafuta mengi na unga wake huchacha upesi. Katika joto la huku, wiki moja juu ya rafu inatosha kuugeuza mchungu. Saga unaotosha siku nne au tano, uliobaki ukae kwenye friza. Nusa kabla ya kupika: harufu ya rangi ya mafuta au ya panya ina maana umekwisha. Kumpa mtu aliye kwenye majaribio unga uliochacha ni kuharibu jaribio, kwa kuwa tumbo likisokota hutajua ni mawele au ni kuchacha.

Dengu, machicha, mahindi

Dengu: imesimamishwa kwa sasa. Unga wa dukani huweza kuchanganywa na njegere za njano, hivyo tunasaga dengu nzima. Chapati ya maji yake ni nzuri (gramu 200 kwa maji mililita 300, ipumzike saa mbili, imwagwe nyembamba na iive kabisa, kwani ikibaki mbichi ndani inaleta ladha ya jani). Tatizo ni gesi. Dengu ina sukari ambazo utumbo hauzivunji, na mtu anayechunguza tumbo kujaa atasoma matokeo ya uongo. Kwa anayechunguza ngozi, inaweza kurudi mapema. Mwenye mzio wa karanga aijaribu peke yake kwa uangalifu, kwa kuwa zote ni jamii ya kunde.

Machicha yaliyobaki kwenye kifumbu tunayaanika, tunayasaga na kuyapitisha kwenye chekeche. Kwa kuwa nazi imo katika msingi, haivunji sharti. Hayazidi gramu 15 kwa kila gramu 100 za unga mwingine, na kila gramu 15 hizo zidishiwe maji mililita 40 hivi. Zaidi ya hapo mkate unakuwa mkavu kama makumbi.

Mahindi tumeyaacha nje mwaka huu. Sumukuvu (aflatoksini) haionekani kwa macho, na kikomo cha Afrika Mashariki cha maikrogramu 10 kwa kilo hakipimiki jikoni.

Mkate wa kopo

Hali: nusu njia. Mkate wa kukatwa vipande, wa kupaka siagi ya nazi, hauwezekani kwa unga wa mchele mtupu bila kitu cha kushika. Tumechagua maganda ya isabgoli (psyllium), yanayopatikana kwenye maduka ya dawa, kwa sababu ni kitu kimoja na kinaweza kujaribiwa peke yake: kijiko cha chai katika glasi kubwa ya maji, siku tatu, kabla hakijaingia kwenye mkate. Kinywewe na maji ya kutosha.

Unga wa mchele gramu 400, isabgoli gramu 20, maji vuguvugu mililita 420, hamira gramu 6, sukari gramu 15, chumvi gramu 7, mafuta mililita 30. Isabgoli ilowe kwenye maji dakika tano kwanza. Uumuke mara moja tu, kwa nusu ya ujazo wake. Ukingoja uwe maradufu kama wa ngano utaporomoka tanurini. Nyuzi 200 kwa dakika 55 hadi 60, kitovu kifike nyuzi 96 hadi 98. Ukatwe ukiwa umepoa kabisa, saa mbili au zaidi, la sivyo kisu kinatoka na utando.

Kinachobaki ni pango chini ya ganda la juu. Tunashuku hewa inayokunjwa wakati wa kujaza kopo; kugonga kopo na kulainisha kwa mkono wenye maji kumepunguza, hakujamaliza.

Kurudisha ngano

Hakuna kurudisha chochote mpaka dalili zitulie. Zisipotulia baada ya wiki sita, si suala la kuondoa vyakula zaidi, ni la kurudi kwa daktari. Tusianze pia Ramadhani wala siku za Maulidi ya Mfungo Sita: sinia zikipita nyumba kwa nyumba hakuna anayejua ndani kuna nini.

Ngano ya kujaribia iwe chapati ya unga, maji, chumvi na mafuta yale yale ya msingi. Mahamri hayafai, yana mambo mengi. Asubuhi robo chapati, mchana nusu, jioni nzima. Dalili ikitokea, unasimama hapo hapo. Kisha siku tatu za mlo wa msingi mtupu, kwa kuwa dalili nyingine huchelewa. Daftari liwe na saa ya kula, kiasi, tarehe ya kusagwa kwa unga, saa ya dalili, usingizi, dawa zilizomezwa.

Tumbo likijaa bila dalili nyingine, usiihukumu gluteni haraka. Ngano ina pia fraktani, sukari ambazo utumbo hauzivunji, na fraktani zimo kwenye vitunguu maji na vitunguu saumu. Jaribu vitunguu kwa siku yake. Vikileta hali ile ile, mshukiwa amebadilika.

Masika yanakaribia

Muhogo wa kutosha hadi Julai umeshasagwa na kufungwa kwenye madebe yasiyopitisha hewa, kila debe na tarehe na jina la mashine. Wakati wa mvua hatuaniki, vipande huota kuvu kabla ya kukauka.

Mahamri bado hayajapatikana. Donge la muhogo likitiwa kwenye mafuta ya moto ganda lake huziba, mvuke unakosa pa kutokea, na linapasuka na kurusha mafuta. Asiyejua asijaribu madonge mviringo kabisa. Tunakwenda na vipande bapa vya milimita 6 vilivyotobolewa kwa uma, mafuta ya nyuzi 160, robo ya unga ikiwa imepikwa na kasimile badala ya maji. Vinavimba upande mmoja tu. Kinachofuata ni kupunguza unga uliopikwa hadi sehemu moja ya sita.